Jinsi ya Kupima Wingi wa DNA Katika Viini vya Endospemu ya Mahindi

Ukibinya punje ya hindi bichi la wiki mbili tangu lichavushwe, ule uji mweupe unaotoka ndiyo endospemu. Humo ndimo wanga wa ugali unamojengwa, na humo seli hufanya jambo la kustaajabisha: hufika siku zikaacha kugawanyika, lakini haziachi kunakili DNA yake. Kiini kimoja kinajirudufu, kinarudufu tena, kinaendelea, hadi kinakuwa na DNA mara kumi, ishirini, hata thelathini na zaidi ya kile kilichoanza. Wataalamu huita mwenendo huu endoreduplikesheni. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti anayetaka kuupima mwenyewe, kuanzia shambani hadi kwenye namba za mwisho.

Maabara nyingi hufundisha upimaji huu kama suala la mashine, yaani flosaitomita, inayopima mng'ao wa kiini kimoja kimoja kilichotiwa rangi ya DNA. Mimi naona mashine ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ngumu ni kujua kiini ulichokipima kimetoka kwenye tishu ipi. Punje moja ya hindi ina ganda la mama, ina kiinitete (mche mchanga), ina endospemu, na viini vya endospemu havina DNA sawa na vya hivyo viwili vingine. Vikichanganyika kwenye tyubu moja bila wewe kujua, histogramu, yaani mchoro wa idadi ya viini kwa kila kiwango cha DNA, itapendeza na majibu yatakuwa ya uongo.

Kwanza elewa namba 3

Herufi C ni kipimo cha DNA iliyomo katika seti moja ya kromosomu ambayo bado haijanakiliwa. Kiini cha seli ya jani kina seti mbili, moja ya mama na moja ya baba, kwa hiyo ni 2C. Kikishanakili DNA yake kwa ajili ya kugawanyika kinakuwa 4C. Endospemu ina hesabu yake. Chavua huleta mbegu za kiume mbili: moja huungana na yai na kuwa kiinitete cha 2C, nyingine huungana na viini viwili vya katikati vya mama. Mbili za mama na moja ya baba, jumla 3C. Utungisho huu maradufu ulielezwa na Sergei Nawaschin mwaka 1898 na Léon Guignard mwaka 1899, na ndio msingi wa kila kitu kinachofuata hapa.

Basi kwenye histogramu vilele vya endospemu huja kwa mfululizo wa 3, 6, 12, 24, 48, 96, na wakati mwingine 192. Vilele vya jani, ganda na kiinitete huja kwa mfululizo wa 2, 4, 8. Kariri mifululizo hii miwili kabla hujagusa wembe.

Kwa pikogramu (pg, sehemu ya trilioni ya gramu), mahindi ya aina CE-777, ambayo maabara ya Olomouc huko Jamhuri ya Cheki iliyafanya kuwa kigezo cha kimataifa, yana pg 5.43 kwa 2C. Kwa kiwango hicho 3C ni pg 8.15, 6C ni pg 16.29, 12C ni pg 32.58, na 96C inazidi pg 260. Aina za mahindi hutofautiana kidogo, hivyo usichukue namba hizi kama za mahindi yako. Zichukue kama ramani.

Hatua ya 1: Chavusha mwenyewe, andika tarehe

Bila umri kamili wa punje, kipimo hakina maana. Funika gunzi kwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijatokeza. Zikishatoka, kusanya chavua kutoka kwenye mbelewele asubuhi umande ukishakauka, mwagia kwenye ndevu, funika tena, kisha andika tarehe kwenye mfuko wenyewe kwa kalamu isiyofutika. Ukiacha upepo ufanye kazi, gunzi moja litakuwa na punje zilizopishana siku kadhaa, na baba wao hutamjua.

Endospemu ya mahindi huanza ikiwa viini vinavyoelea pamoja bila kuta za seli. Kuta hujengwa kuanzia siku ya tatu au ya nne. Kugawanyika kwa seli hufikia kilele kama siku ya 8 hadi 10, na hapo ndipo kujirudufu kunapoanza, hasa kwenye seli za katikati. Ronald Phillips na Richard Kowles wa Minnesota walionyesha mwaka 1985 kwamba wastani wa DNA kwa kiini hupanda hadi kati ya siku ya 14 na 18, kisha hushuka. Kwa hiyo ratiba nzuri ya kuvuna sampuli ni siku ya 6, 8, 10, 12, 14, 16, 18 na 20. Baada ya hapo seli za katikati huanza kufa, DNA inakatika vipandevipande, na chembe za wanga zinabana viini hadi vinapoteza umbo. Utapata takataka nyingi kuliko viini.

Siku hizo ni za mazingira yenye joto la wastani. Mahindi ya Njombe au Kitale, kwenye baridi, huenda taratibu kuliko ya Morogoro, na punje ya siku 14 huko juu si sawa na ya siku 14 huku chini. Weka kipimajoto shambani uandike joto la kila siku. Joto kali na ukame katika siku hizi za mwanzo hupunguza kujirudufu, kwa hiyo kiangazi kifupi kisichoandikwa popote kinaweza kuonekana kama tofauti ya aina za mbegu.

Hatua ya 2: Toa endospemu ikiwa safi

Beba gunzi zima na maganda yake ndani ya kasha lenye barafu, ufanye kazi siku hiyohiyo. Chukua punje za katikati ya gunzi. Za kwenye kitako huwa mbele kwa umri na za ncha huwa nyuma.

Hatua hii ifanye polepole kuliko zote. Weka punje kwenye sahani ya petri iliyo juu ya barafu, upande wa kiinitete ukikutazama. Utaukuta kama alama nyeupe ya mviringo chini kidogo ya katikati. Kata ganda kwa ncha ya kisu cha upasuaji upande wa nyuma, mbali na kiinitete, ulivue kama unavyovua ganda la harage lililolowekwa. Kiondoe kiinitete kwa kibanio. Kinachobaki ni endospemu, lakini bado chini yake, pale punje ilipokuwa imeshikana na gunzi, kuna tishu ya mama. Ikate uitupe. Kwenye punje za siku 6 hadi 8 bado kuna nuselasi, tishu ya mama inayozunguka endospemu changa, pembeni, nayo ni telezi na inaonekana kama endospemu. Hapo tumia hadubini ya ukuzaji mdogo, na ukiwa na shaka na kipande, kiache.

Tabaka la nje la endospemu, aleroni, seli zake hujirudufu kidogo sana ukilinganisha na za katikati. Ukichota katikati peke yake utapata wastani mkubwa kuliko ukichukua endospemu nzima. Zote mbili ni njia halali, ila amua moja na uifuate kwa sampuli zote.

Hatua ya 3: Tengeneza bafa

Bafa ni kimiminika kinachotunza viini vikishatoka kwenye seli. Ile ya Galbraith, iliyochapishwa mwaka 1983 pamoja na mbinu ya kukatakata tishu kwa wembe, bado inafaa na viambato vyake havina gharama kubwa. Kwa mililita 200:

- magnesiamu kloraidi yenye maji sita: g 1.83
- sodiamu sitreti yenye maji mawili: g 1.76
- MOPS (kemikali ya kushikilia pH): g 0.84
- Triton X-100 (aina ya sabuni): mikrolita 200

Yeyusha katika maji safi ya maabara, rekebisha pH iwe 7.0, chuja, gawanya kwenye chupa ndogo na ugandishe. Usiyeyushe na kugandisha chupa ileile mara kwa mara.

Andaa pia rangi ya propidiamu ayodaidi ya mg 1 kwa mililita, na ribonyuklease, kimeng'enya kinachokata RNA, ya kiwango hichohicho. Propidiamu hujipenyeza katikati ya nyuzi za DNA na kung'aa nyekundu, lakini hushika RNA vilevile, na endospemu changa imejaa RNA. Ribonyuklease si ya hiari. Vaa glavu: rangi inayoingia kwenye DNA ya mahindi inaingia na kwenye yako. Mabaki yake yakusanye kwenye chupa yenye lebo, usiyamwage kwenye sinki.

DAPI, rangi nyingine ya DNA, nayo hutoa vilele vyembamba na vizuri, na ukilinganisha tishu za mmea mmoja haina tatizo. Lakini hupendelea sehemu za DNA zenye besi za A na T kwa wingi, kwa hiyo usiitumie kupata pikogramu kwa kulinganisha mahindi na mmea mwingine.

Hatua ya 4: Katakata, chuja, tia rangi

Weka endospemu ya punje moja au mbili kwenye sahani baridi, ongeza mililita 1 ya bafa baridi, ukatekate kwa wembe mpya. Wembe mpya kwa kila sampuli, bila kujibana. Wembe butu huponda viini, na kiini kilichopondwa hakirudi. Kata kwa pigo la kushuka wima, usisugue. Endospemu ni laini, nusu dakika inatosha.

Chuja kwa nailoni ya mikromita 50 hivi. Hapa kuna mtego wa endospemu hasa: viini vya 96C ni vikubwa, na chujio dogo mno linaweza kuvizuia huku likiruhusu vidogo, ukaona wastani umeshuka. Pitisha sampuli moja kwenye chujio la 50 na nyingine kwenye la 100. Uwiano wa vilele ukibadilika, tumia la 100.

Ongeza mikrolita 50 za ribonyuklease na mikrolita 50 za propidiamu kwa kila mililita, uache kwenye barafu gizani dakika 10 hadi 30. Chembe za wanga zitazama chini ya tyubu. Ziache huko, tikisa kidogo tu kabla ya kupima.

Hatua ya 5: Chagua kigezo

Ili ujue kilele kipi ni 3C unahitaji kiini ambacho tayari unajua ukubwa wake. Orodha ya vigezo vya Olomouc ina mimea mingi mizuri, lakini si yote inafaa hapa. Shayiri-nyeusi (rye kwa Kiingereza) ya aina Daňkovské ina pg 16.19, nayo inaangukia juu kabisa ya 6C ya mahindi, pg 16.29. Hutaweza kuvitenganisha. Njegere ya Ctirad, pg 9.09, inabanana na 3C, na kilele chake cha pili, pg 18.18, kinasogelea 6C.

Kwa kazi hii kigezo bora ni jani changa la mmea uleule uliotoa gunzi. Litakupa 2C na 4C, na 3C lazima ikae katikati yao. Lakini zingatia mpangilio: pima endospemu peke yake kwanza, kisha jani peke yake, kisha mchanganyiko. Ganda la mama lina 2C na 4C sawasawa na jani. Ukianza na mchanganyiko utakuwa umejinyima njia ya kugundua uchafu wa ganda, kwa sababu utaudhani ni kigezo chako. Kilele cha 2C kikionekana kwenye endospemu iliyopimwa peke yake, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 6: Pima

Flosaitomita yenye leza ya nanomita 488 inatosha. Afrika Mashariki mashine nyingi za aina hii ziliingia kwa ajili ya kuhesabu seli za CD4, seli za kinga za wagonjwa wa VVU. Zile ndogo zilizotengenezwa kwa CD4 tu hazifai, maana programu yake haikuachi ubadilishe kitu. Zile kubwa za utafiti zinafaa, ila ongea mapema na fundi anayezitunza, na usafishe mirija vizuri baada ya kupima: hakuna mgonjwa anayestahili majibu yaliyochanganyika na wanga wako.

Weka kizingiti cha mashine kwenye mng'ao mwekundu, usiweke kwenye mtawanyiko wa mwanga. Chembe za wanga hutawanya mwanga kwa wingi, na ukitumia mtawanyiko mashine itahesabu wanga hadi ichoke.

Kisha tumia skeli ya logi. Kutoka 3C hadi 192C ni mara 64, na skeli ya kawaida itabana vilele vidogo kushoto au itatupa vikubwa nje. Kwenye logi, kila kurudufu kunakaa umbali uleule. Mashine yenye dekadi 4 (mara kumi nne mfululizo) kwenye chaneli 1024, yaani vigawanyo vya skeli, hutoa chaneli 77 kwa kila mara mbili. Kwa hiyo 3C hadi 6C ni chaneli 77, 6C hadi 12C ni 77 tena, na kutoka 2C ya jani hadi 3C ni chaneli 45. Chukua rula upime kwenye karatasi. Umbali ukikataa, ama umetambua vilele vibaya ama logi ya mashine haijanyooka, na fundi anatakiwa ajue.

Nenda taratibu, viini 20 hadi 50 kwa sekunde, hadi ufikishe angalau 10,000. Viini vya 96C ni vichache, na ukisimama mapema hutaviona. Vilele vya 3C na 6C viwe vyembamba, mgawo wa mtawanyiko (CV, upana wa kilele ukilinganisha na wastani wake) usizidi asilimia 5.

Viini viwili vya 3C vilivyogandana vitasomeka kama 6C. Mchoro wa eneo la mpigo wa mng'ao wa kila kiini dhidi ya upana wa mpigo huo husaidia kuvitoa. Kuna na dalili nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu haihitaji mipangilio yoyote: tafuta 9C. Kujirudufu hakuwezi kamwe kuzaa 9C. Ukikiona kilele hapo, ni 3C na 6C zimeshikana, na bila shaka 6C yako nayo ina pacha za 3C ndani yake. Chuja upya, punguza msongamano wa sampuli.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, umepata viini 5,000 kwa mgawanyo huu: 3C ni 1,000, 6C ni 1,500, 12C ni 1,200, 24C ni 800, 48C ni 400, 96C ni 100. Zidisha kila kundi kwa C yake, jumlisha: 3,000 + 9,000 + 14,400 + 19,200 + 19,200 + 9,600 = 74,400. Gawanya kwa 5,000. Wastani ni 14.88C.

Usiishie kwenye wastani. Hakuna kiini hata kimoja chenye 14.88C. Kundi la 6C lina utata wake pia, kwa kuwa baadhi ni viini vinavyojiandaa kugawanyika na vingine vimeshaingia kwenye kujirudufu, na mashine haiwezi kutofautisha. Kipimo cha hakika ni viini vilivyopita 6C. Katika mfano wetu ni 2,500, yaani nusu kamili. Lakini nusu hiyo inabeba DNA 62,400 kati ya 74,400, asilimia 84 ya DNA yote. Namba hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza endospemu vizuri kuliko wastani.

Rudia kwa punje kadhaa kutoka magunzi tofauti ya mimea tofauti. Punje kumi za gunzi moja si marudio kumi.

Ukiwa huna flosaitomita

Njia ya Feulgen ya kutia DNA rangi, ya mwaka 1924, ingali hai na inahitaji hadubini, kamera na uvumilivu. Hifadhi endospemu kwenye ethanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1, usiku mmoja. Suuza, tumbukiza kwenye asidi ya haidrokloriki ya molari 5 kwa joto la chumba kama saa moja, kisha kwenye kitendanishi cha Schiff, ndicho kinachotia rangi, gizani saa moja hadi mbili. Suuza mara tatu kwa maji ya metabaisalfaiti, ponda kwenye tone la asidi ya asetiki ya asilimia 45, funika, piga picha kwa mwanga wa kijani. Programu ya ImageJ, ambayo ni ya bure, itajumlisha wingi wa rangi ndani ya kila kiini, baada ya wewe kutoa picha ya sehemu tupu ya slaidi.

Kigezo chako ni ncha za mizizi ya mbegu ileile, zilizopitia chupa zilezile siku ileile: seli zinazoanza kugawanyika ni 4C, na kila nusu inayomalizia kutengana ni 2C. Pima viini visivyopungua 100 kwa sampuli. Inachosha, lakini ina faida ambayo flosaitomita haina: unakiona kiini chenyewe kwa jicho. Kuponda huvuruga mahali pa viini, lakini ukiponda kipande cha katikati na cha pembeni kwenye slaidi tofauti, unaweza kuonyesha kwamba vikubwa vilikuwa katikati ya punje na vidogo pembeni.

Kama mbegu yako si mahindi

Hatua ni zilezile, namba ndizo zinazobadilika. Maji ya dafu ni endospemu ya majimaji na nyama ya nazi ni endospemu iliyokwisha jengwa kuta. Kwenye dafu changa sana huhitaji hata wembe.

Kwa majani ya malisho, swali huwa jingine: mbegu imetokana na utungisho au mama amejinakili? Fritz Matzk na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba mbegu kavu ikisagwa nzima hujibu swali hili kwa uwiano wa kiinitete na endospemu. Mbegu ya utungisho wa kawaida hutoa 2C na 3C. Iliyojinakili bila chavua hutoa 2C na 4C. Iliyojinakili lakini ikahitaji chavua kwa ajili ya endospemu hutoa 2C na 5C. Ila brakiaria na nyasi za ginia, zote za asili ya Afrika, zina mfuko wa kiinitete wenye kiini kimoja tu cha katikati ambacho hakijapunguzwa, yaani bado kina seti mbili za mama. Kikipata chavua kinatoa 3C, sawasawa na mbegu ya utungisho. Kwa nyasi hizo histogramu haitakupa jibu hata ikiwa safi namna gani. Itabidi uchunguze mifuko ya kiinitete kwa hadubini au ulinganishe alama za DNA za mama na watoto.